TAA ZA TAHADHARI KATIKA GARI NA UDHAIFU WA BETRI
Mazungumzo kwa madereva wa Serikali na wananchi wenye gari




Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jambo moja linalowagharimu fedha wenye gari na kuzitia hasara ofisi za umma, nalo ni kuwaka kwa taa za tahadhari katika dashibodi kunakosababishwa na betri iliyochoka. Gari huwashwa asubuhi, na mara huonekana taa ya injini, taa ya breki za ABS, taa ya usukani na taa ya mifuko ya hewa zinawaka zote kwa pamoja. Dereva huingiwa na khofu akadhani gari imeharibika yote. Fundi asiyekuwa na vipimo naye huihesabu kila taa kuwa ni ugonjwa wake mbali, akaandika orodha ndefu ya spea. Spea hununuliwa, hufungwa na hulipiwa, na baada ya siku chache taa hurudi pale pale, kwa sababu chanzo chake ni betri, na betri haikupimwa.

Kwa hivyo, kanuni inayofaa kushikwa na kila dereva ni hii: taa moja ikiwaka peke yake, hutafutwa kosa la sehemu inayohusika na taa hiyo; lakini taa nyingi zisizohusiana zikiwaka kwa wakati mmoja, hupimwa kwanza umeme wa gari, kabla ya kununuliwa spea yoyote.

MAANA YA TAA NA RANGI ZAKE

Ufunguo unapofunguliwa kabla ya injini kuwashwa, taa karibu zote za tahadhari huwaka kwa sekunde chache. Huko si kuharibika, bali ni gari kujikagua yenyewe. Baada ya injini kuwaka, taa hizo hazina budi kuzimika moja baada ya moja. Dereva mwangalifu huzitazama kila asubuhi, na huitambua mapema taa iliyobakia kuwaka, na hata ile ambayo haikuwaka kabisa, kwani taa iliyokufa haiwezi kumwonya mtu.

Rangi nazo zina maana. Rangi ya kijani na ya buluu huonyesha kwamba kitu fulani kinatumika, kama vile taa kubwa za mbele. Rangi ya manjano humtaka dereva aikaguze gari bila ya kuchelewa. Rangi nyekundu humtaka asimame mahali pa salama mara anapoweza. Taa nyekundu ya oili, ya joto la injini na ya breki hazifai hata kidogo kupuuzwa kwa kisingizio kwamba “ni betri tu”. Oili hukaguliwa kwa kijiti chake, maji kwa kutazamwa chombo chake, na mafuta ya breki kwa kutazamwa kikopo chake. Vitu hivyo vikionekana salama, ndipo uchunguzi wa umeme unapofuata.

KWA NINI BETRI MOJA HUWASHA TAA NYINGI

Katika gari za zamani, kila taa ya dashibodi ilikuwa na waya wake na swichi yake. Taa ya oili iliwashwa na swichi ya oili, na haikuwa na khabari na breki. Betri ikichoka, gari ilishindwa kuwaka, na mambo yakaishia hapo.

Gari za leo zimejengwa kwa namna nyengine. Ndani yake mna kompyuta kadhaa: ya injini, ya breki, ya usukani, ya mifuko ya hewa na nyenginezo. Kompyuta hizo huzungumza kwa kupitia waya mbili wanazoshirikiana. Mfumo huo ulitangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986, na hivi sasa umeenea katika gari za kila aina. Kila kompyuta huhitaji kiwango maalumu cha umeme ili ifanye kazi yake sawasawa.

Betri ya gari ndogo ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti zipatazo 2.1. Kwa hivyo betri iliyojaa huwa na volti 12.6 au zaidi kidogo. Ufunguo unapozungushwa, stata huvuta umeme mwingi sana kwa mara moja, amperi 100 na zaidi hata katika gari ndogo. Betri nzima hulistahamili jambo hilo. Betri iliyochoka huporomoka, na umeme ukateremka kupita kiwango ambacho kompyuta zinakihitaji. Hapo kompyuta moja hujizima na kujiwasha upya, ya pili huikosa sauti ya mwenziwe, na ya tatu hupokea kipimo kisichokuwa sahihi. Kila moja huandika kosa katika kumbukumbu zake na kuwasha taa yake. Kompyuta ya breki za ABS hujitoa kazini kwa makusudi umeme unapokuwa mdogo, kwa sababu pampu yake haiwezi kuaminika katika hali hiyo. Usukani wa umeme nao hupunguza msaada wake, na dereva akauona mzito.

Kwa hivyo taa hizo hazisemi uongo. Khabari ni moja, ila imesemwa kwa ndimi nyingi. Kosa la mtazamaji ni kuzihesabu ndimi badala ya kuisikiliza khabari yenyewe.

HALI YA VISIWANI

Betri huchakaa haraka zaidi katika nchi za joto kuliko za baridi. Joto likizidi kwa nyuzi 10, kasi ya kuchakaa ndani ya betri hukaribia kuwa mara mbili. Gari inayoshinda juani, na ambayo chumba cha injini yake hakipoi, haitarajiwi kudumu na betri kwa muda ule unaotajwa katika vitabu vya nchi za baridi.

Upepo wa bahari nao huleta chumvi, na chumvi hula madini. Vibanio vya betri na waya unaofungwa katika bodi ya gari huota kutu na unga mweupe au wa kijani. Umeme ukapita kwa taabu, na betri mpya ikaonekana kuwa mbovu.

Jambo la tatu ni safari fupi. Gari inayotoka Vuga hadi Darajani na kurudi, huku kiyoyozi na redio vikifanya kazi, haipati wakati wa kutosha wa kuirejeshea betri umeme uliotumika kuwashia injini. Ikilala tangu Ijumaa hadi Jumatatu, hali huwa mbaya zaidi.

Jambo la nne ni kwamba gari nyingi zilizopo visiwani zimetumika kwanza Japani, na huingia nchini na betri ambayo umri wake haujulikani. Ni vyema betri hiyo ipimwe mara gari inapotoka bandarini, na tarehe ya kipimo iandikwe.

NAMNA YA KUCHUNGUZA

Uchunguzi ufuatao hauhitaji mitambo mikubwa. Unahitaji macho, mkono ulio mwangalifu na mita ya umeme ya kawaida.

Kwanza, zitazamwe dalili. Stata huzunguka kwa uvivu, au hutoa mlio wa kugonga bila ya kuzunguka. Taa za mbele hufifia injini inapowashwa. Saa ya gari hurudi mwanzo. Dalili hizi zikiandamana na taa nyingi za dashibodi, betri ndiyo ya kutuhumiwa mwanzo.

Pili, injini izimwe na betri ikaguliwe kwa macho. Ikiwa imevimba, imepasuka au inavuja, haina matengenezo bali ni ya kubadilishwa. Vibanio vijaribiwe kwa mkono. Kibanio kinachozunguka juu ya terminali kimelegea. Unga uliojitokeza husafishwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, kwa uangalifu yasiingie ndani ya betri. Baadaye husuguliwa kwa brashi ya waya, hukaushwa, hukazwa, na hupakwa grisi kidogo ili chumvi isipate njia.

Tatu, betri ipimwe ikiwa imepumzika kwa saa kadhaa, kama vile alfajiri kabla ya gari kuwashwa. Volti 12.6 maana yake imejaa. Volti 12.4 ni kiasi cha robo tatu. Volti 12.2 ni nusu. Volti 12.0 ni kiasi cha robo, na chini ya hapo betri huhesabiwa kuwa imekwisha. Betri iliyoachwa siku nyingi katika hali hiyo huota ugumu ndani yake, na aghalabu hairudi tena katika uzima wake.

Nne, betri ipimwe wakati stata inazunguka. Hiki ndicho kipimo kinachosahauliwa na wengi. Betri inaweza kuonyesha volti 12.6 ikiwa imelala, na ikaanguka mara inapopewa kazi. Mtu mmoja huzungusha ufunguo na mwengine huitazama mita. Volti zisiteremke chini ya 9.6 au 10 hivi. Zikiteremka kupita hapo ilhali betri imechajiwa ikajaa, basi imechoka. Kabla ya kuihukumu, waya wa hasi nao upimwe. Ncha moja ya mita huwekwa juu ya terminali ya hasi na ya pili juu ya chuma cha injini, na stata huzungushwa. Ikionekana zaidi ya nusu volti, waya huo au maungo yake yameharibika.

Tano, betri ipimwe injini ikiwa inafanya kazi. Katika gari nyingi mita huonyesha baina ya volti 13.5 na 14.7. Taa kubwa na kiyoyozi vikiwashwa, isiteremke chini ya 13. Ikibakia katika 12 na inaendelea kushuka, alteneta haichaji. Ikizidi 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika, na betri pamoja na kompyuta zimo hatarini. Ifahamike kwamba katika baadhi ya gari mpya kompyuta hupandisha na kuteremsha chaji kwa makusudi, kwa hivyo kipimo kimoja kisihukumiwe kwa haraka.

Sita, ikiwa betri na alteneta ni nzima lakini gari hukutwa imekufa kila asubuhi, kuna kitu kinachokunywa umeme usiku: taa ya buti isiyozimika, redio iliyofungwa vibaya, au kifaa cha kuzuia wizi. Fundi hupima umeme unaotoka gari ikiwa imefungwa na kompyuta zake zimelala. Usizidi amperi 0.05 hivi. Ukizidi, hutoa fyuzi moja moja mpaka aone umeme unashuka, na hapo ndipo alipo mwizi.

Saba, na mwisho, ndipo hutumika mashine ya kusomea makosa. Makosa yote huandikwa katika karatasi kabla ya kufutwa. Msimbo P0562 maana yake umeme wa gari ulikuwa chini. Misimbo inayoanza kwa herufi U huhusu mawasiliano baina ya kompyuta. Misimbo ya namna hiyo ikiwa mingi, ni ushahidi mwengine wa udhaifu wa umeme. Betri au waya ukishatengenezwa, makosa hufutwa na gari huendeshwa siku mbili tatu. Kosa linalorudi peke yake ndilo kosa la kweli, na hilo ndilo la kununuliwa spea.

TAA NYEKUNDU YENYE PICHA YA BETRI

Wengi hudhani kwamba taa hii maana yake betri imechoka. Sivyo. Taa hii, ikiwaka na injini inafanya kazi, maana yake betri haichajiwi. Kosa laweza kuwa katika alteneta, katika mkanda wake au katika waya. Kwa upande mwengine, betri iliyochoka inaweza kuiangusha gari bila ya taa hii kuwaka hata siku moja. Mtu anayenunua betri mpya kwa sababu ya taa hii pekee huenda akaitia betri hiyo katika njaa ile ile.

Katika baadhi ya gari za Kijapani, taa ya betri na taa ya breki huwaka kwa pamoja, tena kwa mwangaza hafifu. Hii hutokana na waya wa kuikagua taa ya breki kupitia katika alteneta, na aghalabu huashiria kwamba alteneta inakaribia kufa. Hata hivyo, mafuta ya breki hayana budi kukaguliwa kwanza, kwani hakuna dereva anayeruhusiwa kubahatisha katika breki.

Taa ya betri ikiwaka njiani na kipimo cha joto kikaanza kupanda, gari isimamishwe na injini izimwe mara moja. Huenda mkanda umekatika, na katika gari nyingi mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji.

Ikiwa joto halipandi, gari inaweza kuendelea kwa muda mfupi kwa umeme uliobakia katika betri. Dereva azime kiyoyozi, redio na kila kisichokuwa cha lazima, wala asiizime injini mpaka afike, kwani huenda isiwake tena. Usiku muda huo ni mfupi zaidi, kwa sababu taa za mbele haziwezi kuzimwa. Gari inayochukua mgonjwa kutoka Makunduchi kwenda mjini usiku, ikiwa taa hiyo imewaka tangu mchana na ikapuuzwa, inaweza kuzimika njiani mahali pasipokuwa na msaada. Hapo hasara haihesabiwi tena kwa bei ya spea.

MAMBO YANAYOKATAZWA

Ipo desturi ya kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inafanya kazi ili kuijaribu alteneta. Desturi hii ilitokana na gari za zamani. Katika gari za leo, umeme huruka ghafla kwa nguvu kubwa na unaweza kuziunguza kompyuta ambazo bei yake inapita bei ya betri nyingi. Mita ya umeme hutoa jibu hilo hilo bila ya madhara.

Betri inapofunguliwa, waya wa hasi hutolewa kwanza, na inapofungwa, waya wa hasi hurudishwa mwisho. Moto na sigara viwekwe mbali, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa gesi inayoripuka. Asidi ikimrukia mtu mwilini au machoni, aoshwe kwa maji mengi bila ya kukawia, na akiwa ameathirika macho apelekwe hospitali.

Betri yenye vifuniko hujazwa maji yaliyosafishwa tu. Maji ya kisima na ya mfereji yana chumvi na chokaa, na huidhuru. Asidi nayo isiongezwe katika betri iliyopungukiwa, kwani kilichopotea ni maji na si asidi.

Gari zinazotumia petroli na umeme kwa pamoja zina betri mbili. Betri ndogo ya volti 12 ikichoka, dashibodi hujaa taa kama gari nyengine yoyote, na gari huenda isiwake ingawa betri kubwa ni nzima. Ndogo hupimwa kama ilivyoelezwa. Kubwa, yenye waya wa rangi ya machungwa, ina umeme unaoweza kuua, na haifai kuguswa na asiyekuwa na mafunzo yake.

Mwisho, betri chakavu isipasuliwe wala isitupwe shimoni. Ndani yake mna risasi, ambayo ni sumu, khasa kwa watoto. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kazi ya kuyeyusha betri chakavu iliwadhuru wakaazi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Betri ya zamani irudishwe kwa muuzaji inaponunuliwa mpya, au ikabidhiwe kwa wakusanyaji wanaotambuliwa.

WAJIBU WA OFISI NA WA MADEREVA

Ofisi yenye gari inaweza kuiepuka hasara kubwa kwa gharama ndogo. Mita moja ya umeme katika karakana, na daftari moja katika kila gari, vinatosha kuanzia. Katika daftari huandikwa tarehe ya kufungwa betri, kipimo cha alfajiri mara moja kwa mwezi, na taa yoyote iliyowaka pamoja na siku na saa yake. Betri inayoteremka kutoka 12.6 hadi 12.3 mwezi baada ya mwezi imeshatoa taarifa yake mapema, kabla ya kuikwamisha kazi.

Kadhalika, mkuu anayeidhinisha malipo ya matengenezo ana haki ya kuuliza masuala matatu kabla ya kutia saini: Je, betri imepimwa ikiwa imelala, stata ikizunguka, na injini ikifanya kazi? Je, vipimo vimeandikwa? Je, makosa yamefutwa na kuonekana yanarudi? Fundi mwaminifu hatakasirishwa na masuala hayo, kwani majibu yake yanamlinda yeye mwenyewe. Mwananchi mwenye gari yake binafsi naye anayo haki hiyo hiyo mbele ya fundi wake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari za leo, ufa huo aghalabu ni kibanio kilicholegea au betri iliyomaliza umri wake. Inasisitizwa basi kwamba taa nyingi zikiwaka kwa pamoja, oili, maji na mafuta ya breki vikaguliwe kwanza, kisha umeme upimwe, na spea zije mwisho.